Usianze na Saki: Namna ya Kumpima Mlinzi Mpya wa Mstari wa Mbele

Aprili 2006, New York Giants, timu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa na Michael Strahan pembeni upande mmoja na Osi Umenyiora upande wa pili. Strahan ndiye aliyekuwa na rekodi ya ligi kuu, NFL, ya saki 22.5 kwa msimu mmoja, aliyoiweka mwaka 2001. Umenyiora alikuwa ametoka kupata 14.5 msimu uliotangulia. Nyuma yao alikuwapo Justin Tuck, aliyechukuliwa raundi ya tatu mwaka 2005. Zamu ya Giants ilipofika katika drafti, wakamchukua mlinzi mwingine wa pembeni: Mathias Kiwanuka wa Boston College, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Jikoni tayari kuna wapishi watatu, huyu wa nne wa nini?

Swali ni halali. Kasoro yake ni kwamba kila mwaka huulizwa usiku uleule wa drafti na kujibiwa usiku uleule, tena kwa namba moja tu: alipata saki ngapi chuoni? Kumpima mlinzi wa mstari wa mbele kwa saki peke yake ni sawa na kumpima kiungo mkabaji kwa mabao. Zinaeleza kitu, ila kazi yenyewe iko kwingine.

Kwa asiyeufuatilia sana mpira wa Kimarekani: drafti hapa si ile ya vizibo vya soda barazani. Ni zoezi la siku tatu, mwishoni mwa Aprili, ambapo timu 32 hugawana wachezaji wanaotoka vyuoni kwa raundi saba, zaidi ya wachezaji 250 kwa jumla. Timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza, na bingwa huwa wa 32. Zamu zenyewe ni mali, zinauzwa na kununuliwa. Saki nayo ni kumwangusha kota-beki, yule anayerusha pasi, angali na mpira mkononi, nyuma ya mstari mchezo ulipoanzia. Ilianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1982, na wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja hupewa nusu. Ndiyo asili ya ile nukta tano ya Strahan.

Swali la kwanza: anasimama wapi?

Safu ya mbele ya timu inayoshambulia ina watu watano: senta katikati, gadi kulia na kushoto kwake, kisha tekoli kila upande. Mara nyingi taitendi, mzuiaji anayeweza pia kupokea pasi, husimama ubavuni mwa tekoli mmoja. Walinzi wa mstari wa mbele, watatu au wanne, huinama mbele yao. Makocha hupaita mahali pa kila mlinzi kwa namba, na shabiki akizijua namba hizi nusu ya mabishano huisha.

Namba 0 ni uso kwa uso na senta. Namba 1 ni begani mwa senta. Namba 2 ni uso kwa uso na gadi, na 3 ni bega la nje la gadi. Namba 4 ni uso kwa uso na tekoli, 5 ni bega lake la nje. Kuanzia 6 unaingia kwa taitendi: 6 uso kwa uso, 9 bega la nje. Namba 7 katika mafunzo mengi ni bega la ndani la taitendi, yaani inavunja mpangilio, na kila anayejifunza hukwama hapo. Herufi i ikifuata namba, mfano 2i au 4i, mlinzi amesogea bega la ndani.

Kati ya wazuiaji hao kuna mianya. Mwanya A uko kati ya senta na gadi, B kati ya gadi na tekoli, C nje ya tekoli, D nje ya taitendi. Mlinzi anaweza kupewa mwanya mmoja, auvamie mara mpira unapotoka. Au apewe miwili, ampige aliye mbele yake, amshike palepale, asome mpira unaelekea wapi ndipo ajivue. Kazi hizi mbili hazifanani kabisa. Wa mwanya mmoja huingia haraka na hupata namba nzuri. Wa mianya miwili hukaa akisubiri, na takwimu zake huwa nyembamba hata akicheza vizuri sana.

Mzigo mzito zaidi uko namba 0 na 1. Anayesimama hapo hubanwa na wawili mara kwa mara, senta na gadi, watu wawili ambao kwa pamoja wanakaribia kilo 280. Aliyezoea raga amfikirie propu katika skramu, ila propu asiye na wenzake wa kushikana nao, anayesukumwa na watu wawili kutoka pembe mbili. Akisimama imara, hesabu inageuka: wazuiaji wawili wametumika kwa mtu mmoja, kwa hiyo mmoja wa walinzi wa nyuma yake, wale lainbeka, yuko huru kumfuata mkimbiaji. Kwenye karatasi ya takwimu jina litakaloandikwa ni la lainbeka.

Mfano wake ni Vita Vea, chaguo la 12 la Tampa Bay Buccaneers mwaka 2018, mwenye kilo kama 157. Msimu wa 2019 alimaliza na saki 2.5. Mwaka huohuo Buccaneers ndio walioruhusu yadi chache kuliko timu zote za NFL kwa mbio za mpinzani. Shabiki aliyehesabu saki aliona hasara. Aliyejua amesimama wapi aliona ukuta.

Namba 3 ni habari nyingine. Huyo ana nafasi ya kushambulia mwanya B, mara nyingi dhidi ya gadi mmoja tu, na kwake kasi ya hatua ya kwanza ina thamani kuliko uzito. Kiti cha Aaron Donald, mlinzi bora wa ligi mara tatu, kilikuwa hapo. Namba 5 hadi 9 ni za walinzi wa pembeni, ambao ndio hasa wanaolipwa kumfikia kota-beki. Kwa uzito, namba 0 na 1 huwa kati ya kilo 140 na 155, namba 3 kati ya 128 na 140, wa pembeni kati ya 115 na 125. Ukiona timu imemchukua mtu wa kilo 125 na kutangaza kwamba atacheza ndani, hapo ndipo pa kuuliza maswali, si kwenye saki zake.

Kwa hiyo jambo la kwanza kulifanya jina linapotajwa ni kutafuta vitu viwili: chuoni alisimama namba ngapi, na timu mpya inampanga namba ngapi. Zikilingana, historia yake ya chuo inasomeka karibu kama ilivyo. Zisipolingana, nusu ya historia hiyo haitumiki. Mlinzi aliyecheza 4i akishika mianya miwili kwa miaka mitatu, na sasa anahamishiwa 3 avamie, anaweza kuonekana dhaifu kwenye takwimu kumbe hakuwahi kuruhusiwa kushambulia. Kinyume chake pia kipo na ni kibaya zaidi: mvamizi mwepesi anayepelekwa kushika mianya miwili husukumwa yadi tatu nyuma kila mpinzani anapokimbiza mpira katikati.

Saki za chuo ni sarafu nyingine

Kiwanuka alipata saki 37.5 Boston College. Katika misimu tisa ya NFL, yote na Giants, alipata 38.5. Hakupungua ujuzi, wapinzani ndio waliobadilika. Chuoni mlinzi bora hukutana na tekoli wa miaka 19 ambaye hatacheza mpira tena baada ya kuhitimu. NFL kila Jumapili kuna mtu mzima anayelipwa mamilioni kwa kazi moja tu, kumzuia yeye.

Vernon Gholston alichukuliwa wa sita na New York Jets mwaka 2008 kutoka Ohio State. Saki za chuo alikuwa nazo, mwili alikuwa nao, na kwenye upimaji aliinua uzito wa kilo 102 mara 37. Alicheza misimu mitatu New York na hakupata saki hata moja. Sasa mweke kando ya Danielle Hunter. Msimu wake wa mwisho chuoni LSU alikuwa na saki 1.5 tu, na Minnesota Vikings wakamchukua wa 88 mwaka 2015. Mwaka 2018 alimaliza na 14.5, na 2019 akarudia 14.5 zilezile.

Sababu ya tofauti hizi haina uchawi. Saki ni tukio la mwisho la mnyororo mrefu, na mlinzi hamiliki pete zote za mnyororo huo. Kota-beki akikawia kwa sababu wapokeaji wote wamekabwa, saki ni ya walinzi wa nyuma. Mzuiaji akisahau kazi yake na mlinzi akapita bila kuguswa, saki ni ya makosa ya mpinzani. Mwenzake akimfukuza kota-beki hadi akamwangukia mikononi, bado karatasi itaandika jina la aliyedaka. Upande wa pili, mlinzi anaweza kumshinda mtu wake kwa sekunde mbili tu, kota-beki akaurusha mpira sekunde moja na nusu baada ya kuupokea, na hakuna kitakachoandikwa popote. Mashambulizi mengi ya vyuoni siku hizi yamejaa pasi za haraka za aina hiyo, kwa hiyo mlinzi mzuri anaweza kukosa saki kwa sababu hakupewa muda wa kuzipata.

Ndiyo maana wachambuzi huhesabu presha: mara ngapi mlinzi amemfikia, amempiga au amemlazimisha kota-beki kuhama mahali pake. Kwa kawaida presha tano hadi saba ndizo huzaa saki moja. Mwenye presha 50 na saki nne huenda bahati haikuwa yake mwaka huo. Mwenye presha 20 na saki tisa amekopa, na mkopo hulipwa. Kipimo kingine ni kumshinda mzuiaji ndani ya sekunde 2.5, hata kama mpira ulishatoka. Muda huo haukuokotwa tu: pasi ya wastani NFL hutoka mkononi baada ya kama sekunde 2.7.

Vipimo vya Indianapolis, na kipi kati yake kina maana

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, wachezaji zaidi ya 300 hupimwa Indianapolis. Kinachotangazwa sana ni mbio za yadi 40, yaani mita 36.6. Mlinzi wa mstari wa mbele karibu hakimbii umbali huo katika mechi, labda mpira umepotezwa na amebahatika kuuokota. Kinachomhusu ni yadi 10 za mwanzo. Wa pembeni anayezimaliza kwa sekunde 1.6 hivi ana mlipuko wa kweli. Wa ndani akikaribia 1.7 ni mwepesi kwa uzito wake. Muda huo hutolewa ndani ya mbio zilezile za 40, ila lazima uutafute, maana kwenye vichwa vya habari haupo.

Hata hivyo, kasi isiyosomwa pamoja na uzito haina maana. Jordan Davis wa Georgia alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78 akiwa na kilo 155 hivi, jambo lisilo la kawaida kwa mwili wa ukubwa huo, na Philadelphia Eagles wakamchukua wa 13 mwaka 2022. Walioutazama mchezo wake wa chuo walijua upande wa pili: Georgia walikuwa wakimtoa uwanjani mara nyingi ikifika hali ya pasi. Mwaka wa kwanza alimaliza bila saki. Hakuna aliyedanganywa hapo isipokuwa aliyedhani 4.78 ni ahadi ya saki.

Kuinua kilo 102 kwa kurudia ni kipimo cha kifua na subira, na kina mtego wake. Mwenye mikono mirefu hulisukuma chuma umbali mkubwa zaidi kila mara, kwa hiyo huhesabu mara chache, na mikono hiyohiyo mirefu ndiyo itakayomfaa uwanjani. J.J. Watt aliinua mara 34, Donald mara 35, Gholston 37. Ukipanga kwa namba hizo, Gholston ndiye wa kwanza.

Urefu wa mkono una sababu ya kimekanika. Wawili wanapogongana, wa kwanza kufika kifuani mwa mwenzake ndiye mwenye usukani, na sentimita mbili zinaamua nani huyo. Kwa walinzi wa pembeni timu nyingi hupenda inchi 33, karibu sentimita 84, na kuendelea. Donald alikuwa na sentimita kama 83, urefu wa mita 1.85 na kilo 129, na wengi walimwona mdogo mno kwa kazi ya ndani. Akaenda wa 13 mwaka 2014, kwa Rams waliokuwa St. Louis wakati huo. Rams haohao walikuwa na chaguo la pili la drafti ile na walilitumia kwa tekoli Greg Robinson. Donald alistaafu mwaka 2024 akiwa na saki 111 na tuzo tatu za mlinzi bora wa ligi. Je, kipimo cha mkono ni upuuzi? La. Donald alikuwa na yadi 40 za sekunde 4.68 na mikono yenye ufundi uliofidia zile sentimita. Shabiki anayesema "hata Donald alikuwa mfupi" kumtetea kila mchezaji mfupi amesahau kuangalia kama huyo wake naye ana fidia.

Kipimo kisichotangazwa ni afya. Madaktari wa timu hupiga picha magoti, mabega na migongo, na majibu hayatoki nje. Mlinzi mzuri akishuka ghafla kutoka raundi ya kwanza hadi ya tatu, mara nyingi jibu liko huko.

Mwili pia hauna uwezo wa kuleta uzoefu. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga na hakuwahi kucheza mpira huu hata mechi moja, wakamjaribu upande wa ulinzi. Umbo alikuwa nalo lote. Aliishia kucheza mechi chache, hasa katika vikosi vya mipira ya mateke.

Kuutazama mkanda

Video za dakika tatu zenye muziki ni tangazo. Zimechagua mikupuo 15 kati ya mamia aliyocheza msimu mzima. (Mkupuo hapa ni mchezo mmoja, tangu senta anapoutoa mpira hadi filimbi.) Tafuta mechi tatu kamili: moja dhidi ya tekoli au gadi ambaye naye ameingia kwenye drafti, moja ya mwishoni mwa msimu miili imechoka, na moja ambayo timu yake ilikuwa nyuma na mpinzani anakimbiza mpira tu. Ya tatu ndiyo inayokimbiwa na wengi, na ndiyo inayosema ukweli.

Kila mkupuo utazame mara tatu. Mara ya kwanza angalia mpira na mguu wake tu: je, ameondoka pamoja na mpira, au ameondoka baada ya kumwona mzuiaji akisogea? Mwenye kuondoka na mzuiaji anachelewa, na NFL hatapewa robo sekunde hiyo. Mara ya pili angalia mikono na urefu wa kofia. Mikono ikitua ndani ya kifua, na kofia yake iko chini ya kofia ya mzuiaji, anashinda hata kama hajapita bado. Mikono ikitua mabegani kwa nje, ameshikwa tayari. Mara ya tatu angalia mwisho: amebwaga, ameganda, au amesukumwa?

Weka alama tatu tu: ameshinda, sare, ameshindwa. Kisha toa kwenye hesabu mikupuo aliyopita bila kuzuiwa, pasi zilizotoka chini ya sekunde mbili, na zile ambazo kazi yake ilikuwa kuwafungulia wenzake njia. Kinachobaki, labda mikupuo 20 kwa mechi, ndicho kipimo halisi.

Kuna makosa ya kutafuta kwa makusudi kwa sababu hujirudia. Anapobanwa na wawili, mabega yakigeuka na kuwa sambamba na mstari wa pembeni, amekwisha: sasa anasukumwa ubavuni na mwanya wake umekuwa barabara. Chanzo huwa hatua ya kwanza ndefu mno, mguu ungali hewani wakati mzuiaji wa pili anafika. Anayejua kazi hushusha nyonga upande wa mzuiaji wa pili, hata ikibidi apige goti moja, na kuifanya ile chungu ya watu watatu ibaki palepale. Goti hilo chini linaweza kuonekana kama kushindwa. Mara nyingi ni ushindi.

Kwa mshambulizi wa pembeni, hesabu mbinu. Wengi hutoka chuoni na moja: kusukuma kifua kwa kifua, au kukimbia kwa nje na kupinda. Moja inatosha chuoni. NFL tekoli ataizoea kabla ya mapumziko. Kinachotafutwa ni mbinu ya kwanza, ya pili inayoanzia palepale ya kwanza ilipozuiwa, na mpango wa kuziunganisha: nje, nje, kisha ndani, tekoli akiwa ameshaegemea nje. Tazama pia vifundo vya miguu anapopinda kumzunguka tekoli. Akilazimika kusimama wima ili apinde, anapita nyuma ya kota-beki kwa yadi mbili na kuachia uwazi wa kukimbilia. Zoezi la koni tatu la Indianapolis hupima jambo hilohilo, na wa pembeni aliye chini ya sekunde 7 amefanya vyema.

Umri nao. Mchezaji wa miaka 24 anayewatesa vijana wa 19 hakushinda sawa na wa miaka 20 aliyefanya hivyohivyo. Nguvu za mtu mzima ni faida inayoyeyuka siku ya kwanza ya kambi.

Bei iliyolipwa

Hapa turudi kwa Giants wa 2006. Zamu yao halisi ilikuwa ya 25. Pittsburgh Steelers walimtaka mpokeaji Santonio Holmes, wakatoa chaguo la 32, la 96 na la 129 ili wapande hadi hiyo 25. Timu nyingi wakati huo zilitumia jedwali la thamani za chaguo lililotokana na Dallas Cowboys ya Jimmy Johnson mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambalo hulipa chaguo la kwanza pointi 3,000 na kushuka. La 25 lina 720. La 32 lina 590, la 96 lina 116, la 129 lina 43; jumla 749. Giants walishuka hatua saba, wakabaki na pointi 29 za ziada na wachezaji watatu mahali pa mmoja. "Wamemchukua mlinzi wakati tunaye" na "wamemchukua mlinzi kwa bei ya punguzo" ni hukumu mbili tofauti, na ya pili ndiyo iliyo kamili.

Bei nyingine ni ya mshahara. Tangu makubaliano ya ligi na wachezaji ya 2011, mishahara ya wachezaji wapya imewekewa kiwango kulingana na namba ya chaguo, kwa mkataba wa miaka minne. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alihakikishiwa dola milioni 50. Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, mkataba wake wote ulikuwa milioni 22. Mshambulizi wa pembeni ni miongoni mwa wachezaji ghali zaidi sokoni baada ya kota-beki, kwa hiyo kumpata mmoja kwa mshahara wa drafti ni kama kununua gari jipya kwa bei ya mtumba. Ndiyo maana timu huchukua walinzi hata penye walinzi. Na kuna faida ya uwanjani: wanne wakiweza kumsumbua kota-beki peke yao, saba wanabaki kukaba pasi. Eagles walipowafunga Chiefs 40–22 katika Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2025, walimwangusha kota-beki wao Patrick Mahomes mara sita bila kuongeza mshambulizi wa tano.

Ni lini pa kutoa maksi?

Houston Texans walipomchukua mlinzi wa pembeni Mario Williams wa kwanza mwaka 2006, wakiwaacha Reggie Bush na Vince Young, mashabiki wao walizomea. Mwaka wa kwanza alicheza akiwa na maumivu ya unyayo, akamaliza na saki 4.5, na waliozomea wakajiona manabii. Mwaka wa pili alipata 14. Texans haohao walimchukua Watt wa 11 mwaka 2011, wakazomewa tena. Watt alianza na 5.5, mwaka uliofuata 20.5. Mchezaji mpya huingia kwa mzunguko, mara nyingi mikupuo 25 hadi 40 kati ya 60 na ushei ya mechi, mwili wake bado haujazoea msimu mrefu, na mikono yake inajifunza upya. Mwaka wa kwanza uliza mikupuo mingapi na presha ngapi. Mwaka wa pili uliza kama mbinu zimeongezeka. Saki zianze kuhesabika kuanzia hapo.

Mkupuo mmoja nao unaweza kumchafua mtu. Novemba 2006 huko Nashville, Giants walikuwa mbele 21–0, kisha wakaanza kufikiwa. Ikafika jaribio la nne, la mwisho kabla ya kupoteza mpira, yadi 10 zikihitajika, na Kiwanuka akamkumbatia kabisa Vince Young, kota-beki wa Tennessee Titans. Akamwachia, akidhani mpira umeshatoka na kuogopa adhabu ya kumpiga kota-beki kwa kuchelewa. Young akakimbia, Titans wakaendelea, na Giants wakapoteza 24–21. Kwa wengi hiyo ndiyo ikawa picha ya msimu wake, ingawa alianza mechi tisa, akapata saki nne na kudaka pasi mbili za mpinzani. Mwaka 2007 walimhamishia lainbeka, akavunjika mfupa wa mguu kabla msimu haujaisha. Mwaka 2008 Strahan alikuwa amestaafu na Umenyiora akaumia goti akakosa msimu wote. Pembeni wakabaki Tuck, saki 12, na Kiwanuka, saki nane.

Siku hizi kuna tarehe ambayo klabu yenyewe hulazimika kutoa maksi hadharani. Kwa wachezaji wa raundi ya kwanza peke yao, kila Mei mwanzoni, baada ya msimu wa tatu, timu huamua kama itauongeza mkataba kwa mwaka wa tano, na ikikubali, pesa hiyo imehakikishwa. Kwa waliochukuliwa raundi ya pili na kushuka hakuna kifungu hicho. Hao waangalie mwaka wa tatu wanacheza mikupuo mingapi kwenye jaribio la tatu, wakati pasi inakuja na kocha anawaacha uwanjani anaowaamini tu.